Refa Haonekani

Mahitaji ya gemu la kompyuta huandikwa kwa herufi ndogo, na sisi tunaocheza kwa laptopu za ofisini huyasoma kama watu wasomavyo madhara ya dawa: tukishameza. GTA V lilipoingia kwenye kompyuta Aprili 2015 lilitaka RAM isiyopungua giga 4 na kadi ya grafiki ya NVIDIA 9800 GT yenye giga 1 ya peke yake. Kadi hiyo ni ya 2008. Ukiuona mwaka huo unapata nguvu. Unasema moyoni: laptopu yangu imezaliwa miaka minane baadaye, ina stika zinazong'aa pembeni ya kibodi, itashindwaje na mzee wa 2008?

Laptopu yenyewe niliinunua Kariakoo, ya mtumba, ikiwa imestaafu kazi Ulaya na bado ina alama ya gundi mahali palipobandikwa namba ya mali ya ofisi. Kijana wa dukani alikuwa hodari. Nilipomuuliza kama inacheza gemu, hakujibu kwa mdomo. Alifungua ukurasa wa sifa za skrini, akaweka kidole chini ya mstari mmoja, akanitazama usoni.

"Grafiki giga nne, bosi. Nne! Humu Simba na Yanga unawaingiza wote na mashabiki wao."

Ni kweli mstari ulisema giga 4 na ushee. Chini yake kulikuwa na mistari mingine, lakini kidole chake kilikuwa kinene. Nilikuja kuisoma nyumbani. Mmoja ulisema kumbukumbu maalumu ya grafiki ni megabaiti 128. Mwingine ulisema zilizobaki zote ni za kushirikiana na mfumo. Yaani zile giga 4 ni nusu ya RAM ya giga 8 ambayo nilikuwa nimeshailipia. Yule kijana hakusema uongo hata neno moja. Aliniuzia RAM ileile mara mbili, na mara ya pili akaiita grafiki.

Grafiki za kuunganishwa ndizo hizo. Zamani chipu ya kuchora picha ilikaa peke yake. Januari 2011 Intel wakatoa prosesa zilizojulikana kama Sandy Bridge, na humo prosesa na mchoraji wake wakawekwa kwenye kipande kimoja cha silikoni. Wanakula umeme mmoja, wanapoozwa na feni moja, wanachota RAM moja. Kwenye laptopu nyembamba za ofisini umeme huo kwa kawaida ni wati 15, kwa wote wawili. Kadi ya RTX 4090 inatengewa wati 450 peke yake, na bado wapo wanaolalamika kwamba haiwatoshi. Watu hao nikikutana nao sijui nitawaambia nini.

Kwa muda mrefu mambo yalikuwa shwari, kwa sababu sikucheza chochote. Nilikuwa naandika barua na kutunza hesabu, na kwa kazi hizo megabaiti 128 ni anasa. Kisha shule zikafungwa, na mpwa wangu akaja kutoka Tanga na begi la nguo pamoja na diski ya nje ambayo alikataa kabisa isiwekwe kwenye buti la basi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana. Mjomba, laptopu yako ina GPU gani?"

Nilimjibu, kwa sauti ya mwenye mali, kwamba ina giga nne. Akanitazama kwa huruma, akaomba maji ya kunywa.

Usiku huo tukasakinisha gemu la mpira. Tulipolibonyeza mara ya kwanza likagoma, likisema faili inayoitwa d3dx9_43.dll haipo. Hapa watu wengi hukimbilia kuisaka faili hiyo moja kwenye tovuti zisizo na mwenyewe, na hurudi nayo ikiwa imeongozana na virusi. Jirani yetu, ambaye anauza madirisha ya alumini na ana maoni kuhusu kila kitu chenye skrini, alisimama mlangoni akasema: "Hiyo ni draiva hiyo." Mpwa wangu akamwambia kwa adabu kwamba hapana, mzee, hiyo faili imo kwenye kifurushi cha DirectX cha Juni 2010, Microsoft wanakitoa bure, unakipakua chote na kukisakinisha, na draiva haihusiki. Naomba msomaji akumbuke maneno hayo mawili ya mwisho. Draiva imesingiziwa mengi katika nyumba hii, na hilo lilikuwa la kwanza.

Kifurushi kikaingia, mechi ikaanza.

Uwanja ulikuwa mweusi tii, na mbingu rangi ya zambarau. Wachezaji walikuwepo, lakini kwa mafungu. Jezi zilikimbia bila miguu, viatu vikazifuata kwa mbali, na kichwa cha kipa kilikuwa kimebaki kwenye kona kikitazama jukwaani. Refa hakuonekana kabisa. Filimbi tu ndiyo ilisikika, kisha kadi ya njano ikapanda hewani yenyewe, ikasimama kidogo, ikashuka. Mtangazaji, ambaye sauti yake haihitaji chipu ya grafiki, aliendelea kusifu pasi safi zinazogongwa katikati ya uwanja. Na mpwa wangu, Mungu ndiye ajuaye kwa njia gani, akafunga bao. Mke wangu alikuwa anapita na sinia la vikombe. Akasimama, akaitazama ile jezi ikishangilia bila mtu ndani yake, akamshika mkono mtoto wetu mdogo akamrudisha jikoni.

"Hicho mnachokifanya," alisema kutoka huko, "mkimaliza msome dua."

Hatukumaliza. Skrini ilizima, ikakaa kimya, ikawaka, na pembeni kukatokea ujumbe: draiva ya skrini iliacha kujibu, sasa imepata nafuu. Niliupenda ujumbe ule kwa ustaarabu wake. Haukusema ilikuwa inaumwa nini, wala nani aliitibu. Ila utaratibu wenyewe una asili yake. Ulianza na Windows Vista mwaka 2007: mfumo humpa mchoraji sekunde 2 za kuonyesha dalili ya uhai, zikipita kimya, humzima na kumwasha upya huku kompyuta ikiendelea na mambo yake. Zamani chipu ya grafiki ikiganda, mashine yote iliganda nayo, na dawa ilikuwa kuchomoa waya ukutani. Kwa hiyo ni maendeleo. Gemu, hata hivyo, haliyajui maendeleo hayo. Ukilizimia mchoraji katikati ya kona, nalo linaondoka, na bao linaondoka nalo.

Ukitaka kujua mtaa wako una mafundi wangapi, tangaza kwamba grafiki inakusumbua. Yule jirani wa alumini alirudi asubuhi na dawa: kuna mahali ndani ya rejista ya mfumo unaweza kuandika kwamba zile sekunde 2 ziwe 10. Tukaandika. Sasa laptopu ikawa inaganda sekunde 10 nzima kabla ya kukiri kwamba imeshindwa. Hiyo ni subira, na subira ni sifa njema, lakini refa hakuja. Shemeji yangu akatuma video ya kijana mmoja anayeonyesha namna ya kuzigeuza megabaiti 128 kuwa 512, kwa kuandika namba tu. Namba inaandikika kweli. Gemu likiuliza kuna kumbukumbu kiasi gani, linajibiwa 512 bila aibu. Lakini hakuna hata baiti moja ya RAM iliyosogea. Kilichobadilika ni jibu. Nilimwona yule kijana wa Kariakoo na kidole chake, safari hii amehamia ndani ya mashine.

Dawa ya mpwa wangu ndiyo ilikuwa na akili. Alishusha ukubwa wa picha kutoka 1366 kwa 768 hadi 800 kwa 600. Zidisha mwenyewe: ile ya kwanza ni nukta 1,049,088, ya pili 480,000. Kwa fremu 60 kila sekunde, mchoraji anatoka kwenye nukta karibu milioni 63 hadi chini kidogo ya milioni 29. Umemwondolea zaidi ya nusu ya mzigo. Matokeo yake vichwa vilipotea upesi zaidi.

Nikakata tamaa. Yeye akafurahi.

"Sasa tumejua, mjomba. Gemu likiwa zito, ukishusha picha linakuwa jepesi. Hili halikuwa zito, lilikuwa linachora uongo. Likichora uongo, hapo ndipo unaishika draiva."

Sikumbuki kama nikiwa na umri wake niliwahi kuambiwa kitu chenye mantiki kiasi hicho na mtu yeyote. Gemu, alinifafanulia huku anakula maandazi, haliongei na chipu moja kwa moja. Amri zake hupitia DirectX, na draiva ndiyo inayozigeuza kuwa kitu ambacho chipu ile, ya mwaka ule, inaweza kukitenda. Ikikosea kugeuza amri ya kuweka kichwa cha kipa juu ya mabega yake, kichwa kinakwenda kwenye kona.

Basi tukaishika draiva, na kumbe yenyewe ndiyo haishikiki.

Hatua ya kwanza ni ile ambayo kila mtu anaijua: unafungua orodha ya vifaa, unabofya kitufe cha kusasisha, unasubiri. Mfumo ulitafakari, ukajibu kwamba draiva bora kwa kifaa hiki tayari imesakinishwa. Ulisema hivyo huku kadi ya njano ikielea nyuma ya ujumbe wenyewe.

Tukaenda kwa waliotengeneza chipu. Siwataji, wana mawakili. Faili lao lilikuwa la mamia ya megabaiti, na bando langu lilikuwa la kutosha kwa salamu za asubuhi. Tukaongeza bando. Upakuaji ulipofika mahali pa kutia matumaini, umeme ukakatika, na betri ya laptopu ya mtumba ni ya kukupa nafasi ya kuaga tu. Umeme ukarudi, tukaanza upya. Hatimaye faili likaingia zima, tukalifungua, likatazama huku na huko ndani ya mashine, likasema: draiva hii haijathibitishwa kwa kompyuta yako, iombe kwa aliyeitengeneza kompyuta.

Tukaenda kwa aliyeitengeneza kompyuta. Naye simtaji. Ukurasa wake ulitaka namba ya mashine. Namba ilikuwa kwenye stika chini ya laptopu, na stika ilikuwa imefutika kwa kukaa mapajani mwa watu wa Ulaya. Mpwa wangu akafungua lile dirisha jeusi, akaandika mstari mmoja, namba ikatoka. Kumbe imehifadhiwa ndani ya BIOS muda wote. Tukaiingiza. Ukurasa ukatuletea draiva moja tu, ya mwaka ambao laptopu ilitoka kiwandani. Tulipolinganisha, ndiyo hiyohiyo tuliyokuwa nayo. Kuna sababu ya mzunguko huu, na si ya kipuuzi: watengenezaji wa laptopu huirekebisha draiva iendane na skrini yao, taa yake na namna yao ya kubana umeme, ndiyo maana wenye chipu waliogopa kuigusa. Nikielezewa hivyo naelewa. Usiku ule sikutaka kuelewa.

Mpwa wangu akachagua njia ya mabavu. Faili la draiva linafunguliwa kuwa folda ya kawaida, kisha unauambia mfumo usitafute wenyewe, unauonyesha faili kwa mkono, na ukikuonya unabofya ndiyo. Tukabofya. Skrini ikazima.

Tulikaa gizani tukisikiliza feni. Baada ya muda akashika vitufe vinne kwa pamoja, Windows, Ctrl, Shift na B, ambavyo kazi yake ni kuiwasha upya grafiki peke yake. Mashine ikatoa mlio mfupi, na picha ikarudi. Lakini ilirudi nene. Kila herufi ilikuwa na ukubwa wa ndizi mshare, na alama nne za kwenye skrini zilikuwa zimejaza skrini nzima. Draiva yetu ilikuwa imetupwa, na mfumo ukarudi kwenye ile draiva ya dharura ambayo kila kompyuta inayo kwa ajili ya siku mbaya. Hiyo inajua kuonyesha picha tu. Haiharakishi chochote, na skrini ya pili haiijui.

Kwa kawaida hilo la skrini ya pili lisingenihusu. Lakini kesho yake kulikuwa na kikao cha kamati ya harusi ya shemeji yangu, na katibu ni mimi.

Michango yote ilikuwa kwenye Excel, na ukumbini kulikuwa na TV kubwa ukutani. Mwenyekiti alikuwa ameshawatangazia wajumbe kwamba safari hii kamati itaendeshwa kisasa. Nikachomeka waya wa HDMI. TV ikasema hakuna mawimbi. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka. Hakuna mawimbi.

"Katibu, tunakusubiri wewe," alisema mwenyekiti.

Nikaeleza kwamba ni draiva. Wajumbe wakatazamana. Mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha akauliza kwa nini katibu asingekuja na daftari. Kwa herufi zile nene niliweza kuona majina matano tu kwa wakati mmoja, na kamati ilikuwa na wachangiaji zaidi ya mia, kwa hiyo nilisoma kama mtu anayevua kwa ndoano, jina baada ya jina, huku feni ikilia.

Sasa, faili la kamati yoyote ya harusi lina kurasa mbili. Ya kwanza ni ya waliolipa, na hiyo husomwa hadharani na kupigiwa makofi. Ya pili ni ya walioahidi na hawajalipa. Hiyo haisomwi. Wenye majina hayo hupigiwa simu usiku, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Mwenyekiti alinong'ona kwamba anataka namba ya simu ya mtu fulani, nami nikafungua ukurasa wa pili kumtafutia. Wakati huohuo kijana mmoja mwenye moyo mwema alikuwa amewasha hotspoti na kuiunganisha laptopu, ili orodha itumwe kwa WhatsApp na mateso yaishe.

Kumbe mfumo ulikuwa unasubiri intaneti. Mara tu ilipoipata, bila kuniuliza, ukajiletea draiva na kuisakinisha kimyakimya. Skrini yangu ilipepesa mara moja. Herufi zikarudi kuwa nyembamba, nikafurahi, nikainua kichwa niwape wajumbe habari njema. Wajumbe hawakuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanaitazama TV, ambayo ilikuwa imefufuka, na juu yake ukurasa wa pili ulikuwa umetanda ukuta mzima kwa rangi safi kabisa. Jina la kwanza kwenye orodha ya wasiolipa lilikuwa la mhazini. Ahadi: 500,000. Alicholipa: 0.

Hakuna aliyesema neno. Mhazini mwenyewe ndiye aliyevunja ukimya.

"Si katibu kasema kompyuta ina matatizo?" akauliza. "Hayo si ndiyo matatizo yenyewe?"

Wajumbe wengi wakakubali kwamba inawezekana kabisa ni draiva. Waliokubali kwa nguvu zaidi majina yao yalikuwa mstari wa pili na wa tatu.

Nyumbani tuligundua kwamba draiva iliyojileta ni ileile ya mwanzo, ya vichwa kwenye kona. Upo utaratibu wa kurudi kwenye draiva ya zamani kwa kitufe kimoja. Kitufe chetu kilikuwa cha kijivu, hakibonyezeki. Hapo mpwa wangu akatoa kwenye diski yake programu inayoitwa Display Driver Uninstaller, ambayo hufagia kila alama ya draiva ya grafiki hadi kwenye rejista. Ina masharti mawili. Kwanza ukate intaneti kabisa, la sivyo mfumo utajiletea draiva yake ukiwa bado unafagia. Pili uingie sefu modi, ambako mashine huamka na vitu vya lazima tu. Tukatimiza yote mawili. Tulipomaliza kufagia tukaionyesha mashine ile folda ya wenye chipu, na safari hii, ikiwa haina ya zamani ya kuifananisha nayo, ikaipokea. Kabla ya kurudisha intaneti tukaenda kwenye mipangilio ya usakinishaji wa vifaa, tukaukataza mfumo kujiletea draiva wenyewe. Ukipitia njia hii, hatua hiyo ndiyo usiiruke. Bila hiyo kazi yote ni ya wiki moja.

Nyasi zikawa kijani. Vichwa vikakaa juu ya mabega. Refa akaingia uwanjani na miguu yote miwili, mnene kuliko nilivyomdhania, na mtoto wetu mdogo akaruhusiwa kutoka jikoni.

Ila mpira ulikuwa unachezwa chini ya maji. Fremu kumi na kitu kwa sekunde, na kadiri dakika zilivyokwenda ndivyo zilivyopungua. Jirani wa alumini akachungulia, akasema ni draiva. Hata mke wangu akasema ni draiva, na yeye hajawahi kulitamka neno hilo maishani. Mpwa wangu akatikisa kichwa: picha ni sahihi, ni nzito tu. Twende kwa fundi.

Fundi ni dada mmoja wa Kariakoo mwenye kibanda cha upana wa mlango. Hakuiwasha laptopu. Alitazama begi.

"Kaka, hii chaja umeitoa wapi?"

Nikamwambia ilipatikana. Akaigeuza, akanisomesha: wati 45, na mashine hii inataka 65. Laptopu nyingi za ofisini huikagua chaja zinapowaka. Zisipoitambua au zikiiona ndogo, hubana prosesa makusudi, na mchoraji anayeishi nayo hubanwa pamoja nayo. Akauliza kama kuna ujumbe hutokea asubuhi kabla ya mfumo kufunguka. Upo. Nyumbani kwetu unaitwa "ule wa Enter," maana unabonyeza Enter unapita.

Kisha akafungua kifuniko. Kwenye matundu ya feni alitoa vumbi lililoshikana kiasi cha kusimama lenyewe, na ule ute unaopakwa juu ya prosesa kusafirisha joto ulikuwa umekauka ukawa unga. Joto likipanda, prosesa hujipunguzia kasi isiungue, ndiyo maana kipindi cha pili kilikuwa kizito kuliko cha kwanza. Halafu akaniita nitazame jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote. Kulikuwa na nafasi mbili za RAM. Moja ilikuwa tupu.

Nafasi hiyo si ya kuongeza ukubwa tu. Kipande kimoja cha DDR4 cha kasi ya 2133 hupitisha takriban giga 17 kwa sekunde. Vikiwa viwili kwenye nafasi zake, njia huwa mbili na uwezo karibu 34. Prosesa inaweza kuvumilia njia moja. Mchoraji hawezi, kwa sababu kila nukta anayoichora lazima aichote na kuirudisha huko. Hapo nikamkumbuka yule mzee wa 2008: 9800 GT ina njia yake ya zaidi ya giga 57 kwa sekunde, ambayo haigawani na mtu. Sasa unajua alitushindia wapi. Na anayedharau grafiki kwa kuwa ni za kuunganishwa aitazame PlayStation 4 ya 2013. Nayo prosesa na mchoraji wake wako kwenye chipu moja, wanachota kumbukumbu moja. Tofauti ni kwamba kumbukumbu hiyo inapitisha giga 176 kwa sekunde. Kwa hiyo kuishi pamoja si aibu. Tatizo la laptopu zetu ni kisima kimoja chenye kamba nyembamba, na wauzaji, wa vipya na wa mtumba, hupenda kuweka kipande kimoja kikubwa kwa kuwa ni rahisi na namba inasomeka vizuri.

Tukanunua kipande cha pili kinachofanana na cha kwanza, na chaja ya wati 65. Fremu zikapanda hadi thelathini na kitu, zikakaa hapo hapo hadi filimbi ya mwisho. Draiva haikuguswa.

Kwa hiyo, mwenzangu mwenye laptopu ya aina hii, anza na chaja. Sikiliza feni. Fungua kifuniko utazame nafasi ya pili ya RAM, kama ipo, maana kwenye baadhi ya laptopu nyembamba RAM imechomelewa moja kwa moja. Draiva iguse pale tu picha inaposema uongo. Na ukipata inayokuonyesha refa, inakili kwenye flashi, ukiweza mbili, kwa sababu Julai 2022 Intel walitangaza kwamba grafiki za prosesa zao za kizazi cha 6 hadi cha 10 zitapata marekebisho ya usalama na ya dharura tu, na laptopu nyingi za mtumba zilizojaa Kariakoo ni za vizazi hivyo. Na kama kuna harusi umeahidi kuichangia, lipa kabla ya kikao. Huwezi kujua ni lini TV itafufuka.